Maleba Mbele ya Kamera: Upuuzi au Mwanzo Mpya?

Nimeshika kalamu kwa sababu kuna hoja ambayo imeachwa ikining'inia hewani tangu mkutano wa mwisho wa Chama cha Kiswahili muhula uliopita. Hoja yenyewe ilikuwa hii: Chama kitenge Jumamosi moja, stoo ya maleba ya drama ifunguliwe, na kila mwanachama atakaye avae mavazi ya mtu mwingine apigwe picha moja ya sanaa. Picha ziandikiwe maelezo kwa Kiswahili, kisha zitundikwe katika ukumbi wa maankuli watu wote wazione. Lo! Mkutano uligawanyika pande mbili kama nazi. Wengine wakasema huo ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Wengine wakasema ni majivuno. Kiranja mmoja akamaliza maneno kwa methali: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Watu wakacheka, kengele ya chakula cha mchana ikalia, na hoja ikafa kifo cha mende.

Mimi nasema haikufa. Maoni yangu ni kwamba kuvaa maleba na kusimama mbele ya kamera kwa makusudi si mchezo wa kitoto, na wala si uongo. Ni njia mojawapo ya mtu kujiumba upya, hasa yule ambaye wenzake wamekwisha kumwamulia kuwa yeye ni nani. Naomba mnisikilize kwanza ndipo mnitupie mawe.

Nianze na kijana wa Afrika, manake wengi wetu tukisikia "picha za sanaa" tunadhani ni mambo ya Wazungu. Samuel Fosso alizaliwa mwaka 1962 mjini Kumba, nchini Kamerun. Mama yake alikuwa Mwigbo wa Nijeria. Utotoni alikuwa amepooza viungo. Watoto wachanga wa huko walikuwa wakipelekwa studio kupigwa picha ya kwanza, lakini Fosso amesimulia mwenyewe kwamba yeye hakupelekwa. Baba yake hakuona haja ya kugharamia picha ya mtoto aliyelemaa. Hebu fikiria, ndugu msomaji: unakua nyumbani ambamo kila mtoto ana picha yake ila wewe, kwa sababu ulionekana hustahili.

Vita vya Biafra vikaja, vya mwaka 1967 hadi 1970, na katika miaka hiyo akampoteza mama yake. Mwaka 1972 mjomba wake, fundi wa viatu, alimchukua wakaenda Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko akajifunza upigaji picha kwa muda mfupi tu, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, akafungua studio yake mwenyewe. Miaka 13! Hapa kwetu huyo bado angekuwa mtoto anayeosha masufuria.

Sasa sikilizeni alichokifanya. Mchana alipiga picha za wateja: za vitambulisho, za harusi, za wapenzi. Jioni studio ikifungwa, mara nyingi filamu ilikuwa imebakiza nafasi chache. Badala ya kuziacha zipotee bure, Fosso alijipiga picha mwenyewe. Alishonesha nguo alizoziona katika magazeti, akavaa suruali zilizotanuka miguuni na viatu vya soli nene kama vya wanamuziki, miwani myeusi machoni, mkono kiunoni. Picha alimtumia nyanya yake aliyebaki Nijeria, ajue kwamba mjukuu wake yu hai na ni mzima. Nyingine alijiwekea mwenyewe. Hapakuwa na mashindano wala zawadi. Alikuwa kijana peke yake mbele ya pazia, akijipa ile picha aliyonyimwa alipokuwa mchanga, na akijipa nyingi, kila moja na mtu mwingine ndani yake.

Miaka karibu 20 ilipita hivyo. Mwaka 1994 picha zile zilionyeshwa Bamako, nchini Mali, katika maonyesho makubwa ya kwanza ya wapiga picha wa Afrika yaliyofanyika huko, na watu wakashangaa. Mwaka 1997, kwa duka kubwa la Tati la Paris, alijipiga picha za rangi akiwa mtu huyu na yule: baharia haramia, mcheza gofu, mwanamke tajiri, na chifu aliyeketi amejipamba kwa mapambo tele na maua ya alizeti, ambaye aliitwa chifu aliyeiuza Afrika kwa wakoloni. Mwaka 2008 akatoa mkusanyiko wa picha nyeusi na nyeupe ambamo yeye mmoja ndiye Nkrumah, ndiye Lumumba, ndiye Mandela, ndiye Malcolm X, ndiye Muhammad Ali na hata Angela Davis. Mwaka 2014, ghasia zilipoikumba Bangui, nyumba yake iliporwa yeye akiwa hayupo, na negativu zake zikatupwa nje barabarani, hadi wanahabari waliokuwa mjini wakaziokota nyingi. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse kule London, mojawapo ya tuzo kubwa za fani hiyo. Naam, mtoto aliyeonekana hastahili picha moja ndiye huyo.

Nisieleweke visivyo. Sisemi kwamba kila atakayevaa joho la drama atapewa tuzo London. Nasema Fosso ametuonyesha utaratibu wa kazi, na utaratibu huo una hatua tatu ambazo hata sisi twaziweza.

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Ukiambiwa, "Vaa uwe mtu yeyote umtakaye," ndipo utakapojua kama umewahi kujiuliza unataka kuwa nani. Si swali jepesi. Wengi wetu tunajua vizuri tusichotaka kuwa, lakini tukiulizwa tunachotaka tunabaki kukuna vichwa.

Hatua ya pili ni kuvaa na kusimama. Nguo ina adabu yake. Kanzu haikuruhusu kuketi kihuni. Gwanda la askari halikuruhusu kuinamisha mabega. Leso mbili zilizofungwa sawasawa hubadili hata mwendo. Mwili hujifunza kabla ya akili, jinsi mtoto anavyojifunza kutembea kabla ya kujua neno "hatua".

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni kutazama. Mwigizaji jukwaani hajioni. Anavua maleba, anarudi kuwa yule yule, na makofi yanasahaulika. Picha, kwa upande wake, inabaki. Kesho yake unaiangalia na kujiambia, "Kumbe uso huu unaweza kuwa hivi." Huo ni ushahidi ulio mkononi mwako, na hakuna wa kuupinga.

Mfano mwingine ni wa hapa hapa shuleni. Mimi niliingia kidato cha kwanza nikiwa na sweta ya dada yangu, ambaye ananizidi kimo na unene. Ilikuwa sweta safi na yenye joto, sikuwa na ugomvi nayo. Lakini wiki ya kwanza mtu fulani bwenini akaniita Gunia, na jina likaninata kama gundi. Nikawa Gunia bwenini, Gunia uwanjani, Gunia kwenye foleni ya chai. Hata baada ya kupata sweta inayonitosha, jina halikuondoka. Nikajifunza kukaa nyuma na kunyamaza, kwa sababu gunia halitarajiwi kusema. Katika Chama nikachukua kazi ya kutunza maleba. Kwa miaka miwili niliwavisha wengine.

Mwaka jana mwalimu mlezi alikuwa akipiga picha za kutangaza tamthilia yetu. Mwenzetu aliyeigiza jaji alikuwa mgonjwa zahanatini siku hiyo. Mwalimu akaniambia, "Hebu vaa hilo joho nione mwanga ulivyo." Nikavaa. Joho lilikuwa kubwa, kubwa hata kuliko ile sweta, lakini nani amewahi kumwita jaji gunia? Nikasimama pale dirishani huku nimeinamisha macho. Mwalimu akasema, "Usinitazame kama mtu anayeomba ruhusa. Wewe ndiwe unayetoa hukumu." Nikainua kichwa, na kamera ikalia.

Picha ile ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Siku ya pili yake niliwakuta wasichana wawili wa madarasa ya chini wakibishana, "Huyu jaji ni nani? Ni mwalimu mpya?" Nilikuwa nimesimama nyuma yao, na hawakunijua. Jioni hiyo nilijiandikisha kwa mdahalo wa madarasa. Upande wetu ulishindwa, sitadanganya, lakini dakika zangu nne nilizisema zote bila kuketi. Wako ambao bado wananiita Gunia. Siku hizi naitika nikitaka.

Basi nikija kwa wapinzani wa hoja hii, nitawajibu mmoja mmoja kwa adabu.

Wa kwanza ni yule wa methali. Ati nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wahenga walisema kweli kuhusu mtu anayejitapa kwa mali ya watu. Lakini methali moja haimalizi mambo yote ya duniani. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, Marekani. Mwezi wa Septemba mwaka 1838 alitoroka kwa treni na meli akiwa amevaa mavazi ya baharia, na mfukoni ana hati za baharia mmoja mweusi aliyekuwa huru. Hati zile zilikuwa za kuazima, jamani, na ndizo zilizompeleka mtu kwenye uhuru! Baadaye, akiwa mhubiri mkuu wa kupinga utumwa, alipigwa picha nyingi, takriban 160, kiasi kwamba watafiti wanamhesabu kuwa Mmarekani aliyepigwa picha zaidi katika karne ya 19. Karibu kila mara alivaa koti nadhifu na kukaza macho bila tabasamu. Magazeti ya siku zile yaliwachora watu weusi kama vikaragosi, naye aliitumia kamera kuwajibu. Mtu wa namna hiyo alijua vizuri vazi na picha vina kazi gani.

Wa pili ni yule wa pesa. Anasema, "Tunadaiwa karo, nyinyi mnataka studio?" Hatutaki studio. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na sasa anatajwa dunia nzima, mwanzoni alitumia tandiko la kitanda chake kuwa pazia la nyuma. Aliweka suti, saa, kalamu na redio za kuwaazima wateja, na mtu aliyeingia akiwa mchuuzi alitoka picha ya bwana mkubwa. Hata hapa Kenya, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na kibarua aliyetoka bara alisimama hapo akapeleka nyumbani picha ya msafiri. Mambo haya si mageni kwetu. Sisi tuna shuka, tuna dirisha la maktaba lenye mwanga mzuri wa asubuhi, na tuna kamera ya Chama. Tunakosa kibali tu.

Wa tatu anasema, "Mbona picha tunazo tele? Wakati wa likizo kila mtu ana simu." Ni kweli, na programu za simu zinakulainisha ngozi na kukupanua macho kwa kugusa kidole. Lakini hiyo si kazi yako, ni kazi ya mashine, na inawafanya watu wote wafanane. Picha ya maleba inakudai. Ukitaka kuwa Mekatilili wa Menza, lazima usome alikuwa nani, aliwaambia nini Wagiriama mwaka 1913, na alisimama vipi mbele ya wakoloni. Ukitaka kuwa daktari, lazima ujue daktari anashika nini mkononi na kwa nini. Mwendeni mkamtazame Thandiwe Muriu, mpiga picha wa papa hapa Nairobi. Wanawake katika picha zake huvaa vitambaa vyenye maua sawasawa na pazia lililo nyuma yao, na miwani yake ameibuni kutokana na vifaa vya kawaida vya kila siku. Picha zake huambatana na methali za Kiafrika. Mwili unazama ndani ya kitambaa, lakini uso unabaki ukikutazama. Hakuna programu ya simu iliyowaza hayo. Na kama kuna jambo la Chama cha Kiswahili kuliko methali na picha kusimama pamoja, mimi silijui.

Wa nne anasema ni majivuno. Huyu nitamwomba atofautishe mambo mawili. Mwenye majivuno anataka watu wamtazame alivyo na wamsifu. Anayejiumba upya anajitazama kwanza yeye, tena kwa woga, akiuliza kama anaweza. Joho lile halikunivimbisha kichwa. Lilinifanya niogope kurudi kuketi nyuma.

Wa tano nitampa haki yake, kwa maana anasema kweli. Anahofia dhihaka. Tumeona siku za burudani jinsi watu wanavyovaa kama mzee wa kabila fulani au kama mfanyakazi wa jikoni ili wenzao wavunjike mbavu. Picha ya namna hiyo haimwinui aliyevaa na inamshusha anayeigwa. Fosso naye alicheka, lakini aliwacheka wakubwa waliouza nchi, hakumcheka fukara. Kwa hiyo lazima tuwe na masharti, nami napendekeza matatu tu. Kwanza, usivae mtu unayemdharau. Pili, usipigwe picha kwa kulazimishwa, na isitundikwe bila ridhaa yako. Tatu, kila picha iambatane na maelezo yasiyopungua maneno 100 kwa Kiswahili sanifu: huyu ni nani, kwa nini nimemchagua, na nini chake nitakibeba nikishavua maleba. Sharti hili la tatu ndilo litakalotenga mchele na chuya. Asiyeweza kuandika maneno 100 kuhusu vazi alilovaa, basi alikuja kuvaa tu.

Kwa walimu wetu wanaohofia mtihani, nasema hofu yenu ni ya haki. Ndiyo maana tunaomba Jumamosi moja, saa tatu hadi saa saba, muhula wa pili, wala si muhula wa mtihani. Picha haimfaulishi mtu KCSE. Lakini mwanafunzi aliyekata tamaa kwamba yeye ni mtu wa nyuma hafaulu pia, hata akifungiwa maktaba usiku kucha.

Tena tusisahau jambo linalonisukuma kuliko yote. Kila mwaka mono wanaingia langoni, na kila mwaka sisi wakubwa tunawabatiza: Kobe, Kijiti, Mshamba, na mengine ambayo mhariri hatayachapa. Tunacheka, tunasahau, wao wanabaki nayo. Mwenzetu mmoja alihama shule tukiwa kidato cha pili. Hakuaga na hakusema sababu, lakini sote tunajua alikuwa akiitwaje. Yeye hakupata dirisha wala joho. Jina tulilompa ndilo alilokuwa akijiona nalo, na hapakuwa na picha nyingine ya kumwonyesha vinginevyo.

Kwa hiyo naomba kamati ya Chama iirudishe hoja hii mezani katika mkutano wa kwanza wa mwaka, ipigiwe kura kama ipasavyo badala ya kuuawa na kengele. Na ikipita, waalikwe kwanza walio wageni shuleni. Sisi wengine tutawashikia shuka na kuwafunga vifungo. Funguo za stoo ninazo mimi, na maleba yote yamefuliwa.